Mtoto Aliyelala Kwenye Mchele

Ijumaa, 7 Juni

Daktari anasema moyo wangu umechoka, tusiutegemee sana kuvuka joto hili. Alimwambia Hidaya kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kana kwamba mtu aliyehariri vitabu vya shule miaka thelathini na minane hajui Kiingereza. Hidaya ni binti yangu, msimamizi wa usafi katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, katika nchi hii ya Kiarabu. Ndani ya gari alilia ameelekea dirishani. Iddi, dereva wetu wa teksi, akaongeza sauti ya redio ili aweze kulia vizuri.

Lifti ya jengo letu hapa Fereej Bin Mahmoud imekufa tena. Iddi alinibeba mgongoni mpaka ghorofa ya nne.

"Mwalimu, umekuwa mwepesi kama gazeti."

"Gazeti la jana," nikasema.

Alicheka mpaka nikadhani tutaanguka wote. Ni kijana wa Pangani, mimi wa Tanga mjini. Huku ugenini hilo linatosha kuwa udugu.

Nimeanza daftari hili kwa sababu nina jambo moja la kuungama, la mwaka 1976. Nitaliandika nikipata nguvu.

Jumapili, 9 Juni

Nyuzi arobaini na sita. Sina nguvu.

Ijumaa, 14 Juni

Trevor amekuja. Nimweleze hapa, maana Hidaya akija kulisoma daftari hili atashangaa. Yeye anaamini kwamba Trevor ananiletea vitabu vya watoto nivihariri. "Angalau baba ana kazi ya kumchangamsha," huwaambia wenzake.

Trevor ni Mkenya, mtu wa Kitale, miaka thelathini na moja. Alikuwa mlinzi wa jengo letu, sasa analinda mnara mmoja kule Lusail, saa kumi na mbili kwa zamu. Siku za Ijumaa anapumzika. Mwaka jana aliniachia tableti yake nimshikie wakati anamfukuza paka, na picha ikawaka mbele yangu: wanaume wawili kwenye ngazi za dharura, mmoja amelaza kichwa begani kwa mwenzake. Aliporudi na kuona ninachotazama, alibadilika rangi.

Nikamwambia, "Mchoro mzuri. Ila huyu wa kushoto ana vidole sita."

Akahesabu. Ni kweli, vilikuwa sita. Tangu siku hiyo tunafanya kazi pamoja.

Katuni yake inaitwa "Zamu". Inatoka mtandaoni kila wiki mbili, bila jina la mchoraji, na inasomwa Nairobi, Kampala, Mombasa, na hapa hapa, na watu wasioweza kumwambia mtu kwamba wanaisoma. Wahusika ni wawili, Kito na Musa, wanaopendana katika mji ambao hakuna anayewatazama kwa sababu wamevaa sare. Ana wenzake wachoraji, mmoja Kampala na mwingine yuko Ulaya, wanaotengeneza vibonzo vya kutembea, kama filamu fupi, juu ya maisha kama hayo. Amenionyesha kimoja: wanaume wawili wanakunja shuka, kila mmoja na pembe zake, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana. Dakika moja, hakuna neno. Nilikitazama mara nne.

Utaratibu wetu ni huu. Yeye anachora na kuandika maneno. Mimi nasoma kwa lenzi na kuandika karatasi ya masahihisho, kama nilivyofanya maisha yangu yote: fremu ya ngapi, kosa gani, liwe nini. Anaingiza masahihisho, kisha anaichana karatasi vipande vidogo na kuvimwaga chooni.

Na ana kanuni moja. Chochote cha kweli kilichotoka kwa mtu wa kweli, anakihamisha. Mji, kazi, kovu, mama, vyote vinatolewa na vya uongo vinawekwa mahali pake.

"Mimi siwezi kutunga uongo, Mwalimu," aliniambia. "Nikijaribu, mkono unachora ukweli tu. Wewe ndio fundi. Nipe uongo mzuri."

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kutunga uongo.

Ijumaa, 21 Juni

Leo nilimwambia kuna kitu amesahau kuhamisha. Akauliza nini. Nikamwonyesha mikono ya Musa kwenye fremu ya sita, imemkamata Kito chini ya magoti ili ambebe.

"Mikono hii inanipandisha ngazi kila wiki," nikasema.

 Trevor akampigia simu Iddi, aliyekuwa chini kwenye gari, apande juu.

"Yeye anajua," alimwambia.

Iddi akanitazama, akamtazama, akavuta kiti. "Alhamdulillahi," akasema. "Sasa naweza kukaa. Kila Ijumaa naungua kule chini kama mahindi."

Tulikula wali na samaki pamoja, watatu. Iddi hajawahi kuisoma "Zamu". Anasema akijiona amechorwa ataanza kutembea kama mtu anayetazamwa. Trevor akamwambia tayari anatembea hivyo, hasa akipita mbele ya vioo. Walinisahau kidogo, wakataniana. Nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, leo nilifurahi.

Jumatano, 26 Juni

Vumbi. Mashine ya oksijeni inanguruma kama jirani asiye na adabu.

Ijumaa, 5 Julai

Foleni ndefu tukitoka hospitali. Iddi alinisimulia kisa ili nisisikie maumivu. Nakiandika chote.

Alikuwa na miaka mitano baba yake alipofariki. Siku ya maziko mtoto akapotea. Watu wakasema amemfuata baba yake, amejitupa mtoni. Wanaume wote wa mtaa wakaacha maiti wakaingia kwenye mto Pangani, wakapiga mbizi mpaka magharibi. Dada yake, Rehema, ndiye aliyemkuta. Alikuwa ndani ya gunia la mchele wa hitima, amelala, mchele umemfika kidevuni. Alitaka mahali pa baridi. Na alikuwa amejikojolea humo humo.

"Basi mama akatuapisha," Iddi akasema. "Mimi, Rehema na kaka Sefu. Mchele mwingine hakuna, pesa hakuna, watu mia mbili wanangoja. Ukaoshwa, ukapikwa. Shehe mwenyewe akaomba aongezwe."

Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Sijawahi kumsimulia mtu. Hata yule mchoraji wako. Atanicheka mwaka mzima."

Nikamwahidi.

Ijumaa, 12 Julai

Sasa la 1976, maana leo nimelazimishwa kulikumbuka.

Trevor alileta sura mpya. Amewachora Kito na Musa wakiwa wazee. Musa amekaa kitandani, miguu imevimba kama yangu, na Kito amepiga magoti sakafuni anamkata kucha za vidole vya miguu. Ana miwani, ulimi umetoka pembeni kwa umakini. Hakuna kingine.

"Umetoa wapi hii?" nikauliza.

"Iddi aliniambia atanikatia nikizeeka. Nikamwambia mimi sitakubali, ana mkono mzito, mimi ndiye nitakayemkatia yeye."

Nikasema ni nzuri. Nikatafuta kosa, sikuliona. Alipoondoka nilikaa nikiitazama miguu yangu, na kitu kikapanda kifuani, si ugonjwa. Ni wivu. Mtu wa miaka sabini na tisa, pumzi zake za kuhesabu, anawaonea wivu watu wa kuchorwa.

Philipo alikuwa mchoraji wa ofisi yetu ya vitabu, Dar es Salaam. Mtu wa Masasi, mrefu, mpole, akichonga penseli kwa kisu cha kumenyea machungwa. Tulipendana miaka mitatu. Mkurugenzi alipopata barua isiyo na jina, alituita mmoja mmoja. Niliingia wa kwanza. Nikasema, "Ni yeye anayenisumbua. Nimevumilia kwa sababu kazi yake ni nzuri." Philipo alipoingia hakusema lolote juu yangu. Alifukuzwa siku ile ile.

Picha zake zilibaki, zilikuwa bora kuliko zote. Toleo la pili lilipofika mezani kwangu nilichukua penseli nyekundu nikalifuta jina lake ukurasa wa ndani. Hakuna aliyeniagiza. Kwa miaka ishirini na zaidi watoto walijifunza kusoma wakimtazama mbuzi aliyechorwa na mtu asiye na jina. Mwaka 1981 dada yake aliniandikia kuwa amefariki, na kwamba aliacha bahasha yangu. Nitume nauli ya posta iletwe. Sikujibu.

Nilidhani kuliandika kutaniletea utulivu. Hapana. Nimebaki na zile kucha.

Ijumaa, 19 Julai

Trevor alihitaji uongo. Sura inayofuata ni utoto wa Musa, na kila anachojua juu ya utoto wa mtu ni cha Iddi.

"Nipe kitu, Mwalimu. Kitu kidogo tu, chenye kuchekesha na kuuma."

Nilikuwa na visa viwili tayari, nimevitunga tangu Jumanne: cha mbuzi aliyekula cheti, na cha kofia ya shangazi. Vyote ni vizuri. Nilifungua mdomo nikampa cha mchele.

Nilimpa chote. Maziko, wanaume mtoni, gunia, mkojo, shehe aliyeomba aongezwe. Aliruka kwenye kiti.

"Hiyo imeweza! Mwalimu, hiyo kichwa yako iwekwe kwa makumbusho. Umeitunga sasa hivi?"

"Sasa hivi," nikasema.

Nilijua. Sitaki kuandika hapa kwamba nilisahau, au kwamba dawa zilinichanganya. Hidaya ataliamini hilo, kwa hiyo nalikanusha mapema. Nilijua Rehema, dada yake Iddi, yuko mji huu huu.

Jumatatu, 22 Julai

Siku ya kutoka jasho mwili mzima. Ningeweza kumpigia Trevor. Simu iko hapa.

Ijumaa, 26 Julai

Amezileta. Fremu nane, saba bila maneno. Mtoto anaingia kwenye gunia mguu mmoja mmoja kama mtu anayeingia kisimani. Mchele unamfunika. Juu yake, kupitia tundu la gunia, nyayo za watu wanaokimbia kumtafuta kwingine. Hata Philipo hakuchora kitu kama hiki.

Karatasi ya masahihisho: fremu ya tano, kivuli kimezidi. Basi. Niliitia sahihi kama zamani, "Ipite."

Ijumaa, 2 Agosti

Imetoka. Trevor anasema hakuna sura iliyopendwa hivi. Mtu wa Mombasa ameandika kwamba amecheka na kulia kwenye foleni ya benki.

Iddi alituletea tende mpya. Hajui kitu. Alinibeba tena, lifti bado imekufa.

Ijumaa, 9 Agosti

Rehema amekuja.

Anafanya kazi ndani ya nyumba ya watu, ana saa mbili za ruhusa kwa wiki. Ametumia zote kunitafuta. Alikaa mkekani ingawa viti vipo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe mtu mzima, umesoma, tena ni wa kwetu. Nitazamie hii."

Akatoa simu. Fremu nane. Binamu yake wa Mombasa amemtumia kwa kicheko tu, hajui lolote. Rehema alitembeza kidole kuanzia mwanzo, akazipita, akafika kwa wale wanaume wawili wa sura zilizotangulia, akakiondoa kidole haraka kama aliyegusa kaango.

"Huyu ni Iddi. Mimi ndiye niliyelifungua gunia lile. Nani amemwambia huyu mchoraji? Na mbona amemweka na... na huyu?"

Nikarekebisha mpira wa oksijeni puani.

"Labda ni sadfa," akasema. Alikuwa ananiomba. "Labda mtoto mwingine naye aliwahi kulala kwenye mchele. Niambie ni sadfa, Mwalimu. Ukisema wewe, mimi naenda zangu, nafuta, naendelea na kazi."

Neno moja. Au hata ukweli: mimi ndiye niliyetoa kisa, Iddi alinisimulia, mchoraji hamjui. Ningeubeba mimi, na mimi nakufa. Nilikuwa nayo yote mawili mdomoni. Nikamtazama mtoto wa watu amekaa mkekani kwa heshima, nikaona jinsi inavyokuwa rahisi. Ilikuwa rahisi mwaka 1976, na imekuwa rahisi zaidi.

"Jambo kama hili," nikasema, "mwenye kauli ni kaka yenu mkubwa."

Akalia. Akanibusu mkono akaondoka.

Jumanne, 13 Agosti

Ukungu umejaa dirishani kama maziwa. Siwezi kuona jengo la ng'ambo.

Alhamisi, 15 Agosti

Iddi amekuja kuaga. Sefu amempigia, mama yao ni mgonjwa, hajitambui. Ameomba ruhusa ya wiki mbili kazini, ndege ni kesho.

"Kampuni wamekubali upesi hata nimeshangaa," akasema. "Nikuletee nini, Mwalimu?"

Nilikuwa na muda. Alinikunjia blanketi, akanijazia maji, akaangalia mpira wa oksijeni kama haujapinda. Muda wote huo ulikuwa wangu.

"Kashata," nikasema. "Msalimie mama."

Ijumaa, 23 Agosti

Trevor anasema simu ya Iddi haipatikani tangu Jumamosi. Hakugusa tableti. "Network ya Pangani," nikamwambia. "Ni mbovu."

Jumamosi, 24 Agosti

Iddi aliwahi kuniambia kwamba watu wa hapa huingoja nyota ya Suheli. Ikionekana, joto linavunjika. Msimamizi wa jengo anasema imeonekana alfajiri. Sijahisi tofauti.

Ijumaa, 6 Septemba

Rehema alimpigia Hidaya, Hidaya akaja kuniambia huku amevaa sare ya kazi.

Mama hakuwa mgonjwa. Walimpokea Iddi stendi, wakamfungia kwenye chumba cha nyuma siku tisa, Sefu na wajomba wawili. Walimpiga mikono kwa mchi. Siku ya kumi akatoka, au akaachiwa, Rehema hajui. Wanasema alielekea mtoni. Amekutwa siku ya tatu, kwenye mikoko, upande wa Bweni.

Rehema aliuliza kwa nini hawakumtafuta mapema. Sefu akajibu kwamba safari hii hakuna aliyepotea.

Hidaya akasema, "Maskini, baba, na alivyokupenda." Akanipa dawa zangu.

Sikulia. Nilingoja machozi, kama mtu anayengoja chafya. Hayakuja.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekula uji.

Ijumaa, 13 Septemba

Trevor amekonda. Nani amemwambia, sikuuliza. Hana wa kumlilia. Kwenye mnara yeye ni mlinzi aliyepotewa na dereva wa teksi, basi. Amekuja kulia hapa, kichwa kwenye godoro langu.

Kisha akauliza, bila kuinua kichwa: "Mwalimu, ile story ya mchele uliitoa wapi?"

"Niliitunga."

"Kwa sababu dadake amemwambia Hidaya eti ni picha. Eti walimjua kwa picha. Mimi nimehamisha kila kitu. Nimekagua sura zote, usiku na mchana, fremu kwa fremu. Nilisahau nini? Ni mikono? Wewe uliijua kwa mikono."

Mashine ilinguruma.

"Huenda ni mikono," nikasema.

Akaitazama mikono yake mwenyewe. Nimeona watu wakipokea hukumu. Sijaona mtu akiipokea kwa utii namna ile.

Ijumaa, 20 Septemba

Ameifuta "Zamu" yote. Sura thelathini na moja.

Ijumaa, 27 Septemba

Siwezi tena kuinama wala kukaa bila mto. Hidaya alikuwa kazini. Trevor aliona kucha zangu zimepindia ndani, akatafuta mkasi, akapiga magoti sakafuni, akaushika mguu wangu akauweka pajani.

Alikata polepole. Ulimi umetoka pembeni.

"Nikikuumiza sema."

Nilimtazama utosi. Nilipata nilichokionea wivu, kimekuja chenyewe mpaka kitandani kwangu, na anayekitoa ni huyu. Nilitaka aache, sikusema. Kucha kumi. Alipomaliza alizikusanya kwenye kiganja, akasema, "Iddi angesema nina mkono mzito."

Ijumaa, 4 Oktoba

Hewa imepoa. Hidaya amefungua dirisha kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Trevor amechora tena. Ni kibonzo cha kutembea, sekunde kumi na mbili. Mwenzake wa Kampala atakitia sauti. Kinaitwa "Gunia". Nyayo zinapita, zinapita, kisha zinakoma. Mtoto anasimama, mchele unamiminika mabegani. Anatoka nje ya gunia na kila hatua anakua, mpaka anapofika mlangoni ni mtu mzima, ni Iddi, sura yake yenyewe, haijahamishwa. Mlangoni yuko mzee mwenye mkongojo na mpira wa oksijeni puani. Mzee anafungua mikono. Analia.

"Huyo ni wewe," Trevor akasema. "Wewe pekee ndiye uliyetukaribisha. Sahihisha, Mwalimu. Nakuachia tableti, nitaipitia pamoja na karatasi kesho kutwa baada ya zamu."

Nimeulizwa na nafsi yangu kama hii ni toba au ni kisu cha mwisho. Yeye anaamini mikono aliyoichora ndiyo iliyomuua Iddi. Nikinyamaza, ataishi na uongo huo. Nikisema, atapoteza mtu wa mwisho aliyebaki naye. Nimekuwa mhariri maisha yangu yote. Kosa likionekana, linaandikwa.

Jumapili, 6 Oktoba

 Nimeiandika karatasi ya Trevor mara tatu ndipo ikasomeka. Nainakili hapa, ya kwake iko chini ya tableti.

Karatasi ya masahihisho. Kibonzo: Gunia.

Sekunde ya 3. Mwanga uingie kushoto, tundu liko kushoto.

Sekunde ya 10. Mzee mlangoni. Futa machozi. Hakulia.

Sekunde ya 10, tena. Futa mzee.

Sekunde ya 11. Mikono ya Iddi. Iache ilivyo. Haina kosa, haikuwa na kosa.

Jumla. Kisa cha mchele sikukitunga. Iddi alinisimulia ndani ya gari tarehe 5 Julai, akaniomba nisikuambie. Nilikupa nikijua ni cha kweli. Rehema alikuja kwangu kabla ya kumwambia Sefu, nami nikamtuma kwa Sefu. Iddi alikuja kuaga, nikaagiza kashata.

Karatasi hii usiichane.

Athumani